Aliyeshukuru Msibani

Saa nane mchana jua limekaa utosini na kuku wamejificha chini ya ngazi. Uani kwa Bibi Pacing, mwanamke mmoja amesimama juu ya benchi, anafunga simu kwenye mwanzi kwa kitambaa cha zamani. Akishafunga anashuka, anaitazama kutoka chini, haridhiki, anapanda tena.

Kisha anatoa mfukoni plasta ya kidonda. Anaikata kwa meno na kuibandika juu ya tundu la spika ya simu. Anabonyeza kitufe cha sauti, anatega sikio. Kimya. Hata hivyo anaongeza plasta ya pili.

"Unafunga kidonda au unafunga mdomo?" Mzee Istong, jirani, anamuuliza huku akichanganya karata mezani.

"Mdomo, mzee wangu."

"Umechelewa mwaka mzima, binti yangu."

Wanaocheza naye karata wanacheka. Mwanamke hacheki. Anajipangusa jasho la shingoni na kuendelea kuibana plasta kwa kidole gumba, kama mtu anayezima moto mdogo.

Jina lake ni Ludivina Mangulabnan, ila hapa wote humwita Luding. Ana miaka thelathini na saba. Kazi yake ni kurusha misiba mtandaoni, ili ndugu walio ng'ambo wamwone marehemu wao na wasikie sala. Leo hakuna jeneza. Leo Bibi Pacing, mwenye miaka sabini na mmoja, anavua nguo nyeusi baada ya mwaka wa kumwombolezea mumewe, Mzee Goryo.

Luding hajakanyaga ua huu tangu siku Mzee Goryo alipozikwa. Siku ile alifanya jambo ambalo hadi sasa akilisimulia huwa anatazama chini.

Anayengojewa ni mtu mmoja tu. Ni Mirasol, binti pekee wa nyumba hii, anayelea wazee Italia. Tangu siku ya mazishi, Mirasol hajafungua matangazo ya Luding. Humpigia mama yake kila Jumapili, lakini hataki kuoneshwa nyumba wala kaburi.

"Nikiona jina lake limeingia, nitapumua," anasema Luding. "Lisipoingia, nitafungua hii simu yangu kutoka kwenye mwanzi, nirudi nyumbani, na kazi yenyewe iishie hapo. Siwezi kuingia kwenye misiba ya watu na deni la namna hii usoni."

Kuelewa aibu ya Luding, lazima kuanzia mbali kidogo.

Mume wake, Isagani, alikuwa na pikipiki yake ya kubeba abiria. Miaka ile ya kufungiwa ndani kwa sababu ya ugonjwa, abiria walikwisha. Ndipo ukaja mchezo wa simu wa kufuga wanyama wasiokuwepo. Mnyama wako akishinda vita, unalipwa sarafu za mtandaoni, na sarafu hizo unazibadilisha kuwa peso. Kitongoji kizima kilicheza. Mwalimu alicheza, na mpiga kengele wa kanisa alicheza hadi akasahau kengele.

Isagani aliuza pikipiki kwa peso elfu arobaini na tano, akanunua wanyama watatu.

"Miezi minne tulikula nyama," anakumbuka Luding. "Mwezi wa tano ile sarafu ikaanguka. Nilikwenda dukani kwa Mama Charing na sarafu ambazo wiki iliyopita zingeleta gunia la mchele. Nilirudi na dagaa. Wanyama bado wapo ndani ya simu, wazima kabisa. Hawali, hawafi, hawauziki."

Sasa Isagani anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na Luding akaenda kung'oa vitunguu mashambani kwa peso mia nne kwa siku. Siku za mvua, hata hizo hakuna.

Rafiki mmoja ndiye aliyemwonesha njia nyingine. Kuna programu ya simu ambamo mtu hujirusha mubashara akifanya lolote: anapika, anaimba, anamenya vitunguu huku akipiga soga. Watazamaji wakipendezwa humrushia zawadi za sarafu ambazo watu hapa wamezipa jina la vimulimuli, kwa sababu zikitumwa hupita kwenye kioo zikimeta, zimebeba jina la aliyezituma. Mwisho wa wiki vimulimuli hubadilishwa kuwa peso, thamani ikiwa juu au chini, kama bei ya kitunguu chenyewe.

Sheria ya kazi hiyo ni moja: mshukuru kila mtu kwa jina. Asiyeshukuru haongezewi.

Kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi ya kumenya, Luding alirekodi sauti yake mwenyewe, programu imshukurie. Zawadi ikiingia, simu ilipaza: "Asante sana, kipenzi changu!" likafuata jina, kisha tarumbeta na makofi. Zawadi ikiwa kubwa, jina liliitwa mara tatu.

"Niliirekodi nikiwa na furaha siku hiyo," anasema. "Ndiyo maana inauma. Ni sauti yangu ya furaha."

Misiba ilikuja yenyewe. Jirani alifiwa na mama, na mwanawe alikuwa baharini kwenye meli ya mizigo. Luding akafunga simu kwenye nguzo, kijana akamwona mama yake kutoka huko maji yalikompeleka. Watu wakasikia. Wengine ng'ambo wakaanza kutuma rambirambi zao kwa vimulimuli, familia ikichukua sehemu kubwa na Luding sehemu yake. Msiba mmoja wa siku tano ulimpa kama peso elfu mbili na mia tano.

Ila msiba una adabu zake. Katika kitongoji hiki, mfiwa hamshukuru aliyeleta rambirambi. Anaipokea, anainamisha kichwa, basi. Kushukuru ni kama kusema umefurahi kuipata, na kifo kikisikia umefurahi, kitakuletea nyingine. Wala mgeni hasindikizwi hadi getini maadamu nyumba ingali kwenye nyeusi. Anaondoka peke yake, asije mauti akaoneshwa njia ya kurudi.

Kwa hiyo kila msiba, kabla ya kugusa kitu chochote, Luding huizima ile sauti ya shukrani. Vimulimuli hupita kimya mbele ya jeneza, majina tu, kama watu wanaoingia kanisani wamevua viatu.

Asubuhi ya mazishi ya Mzee Goryo alikuwa na nafasi ndogo kabla ya kutoka. Angeweza kupumzika. Badala yake alijirusha mubashara jikoni kwake, akauza mitungi kumi na miwili ya achari ya vitunguu. Sauti ya shukrani aliiwasha, wateja wakafurahi, akaweka simu mfukoni bila kuizima ile sauti, akakimbilia msibani.

"Ilikuwa tamaa ya saa moja," anasema. "Mitungi kumi na miwili ya achari. Hiyo ndiyo bei niliyouzia adabu yangu."

Akina mama wa sala walimwomba apige nyimbo za kanisa kutoka kwenye simu yake, zisikike kwenye ile spika kubwa ya karaoke ya jirani. Akaunganisha. Wimbo ulipokwisha, pakawa na utulivu. Bibi Pacing alikuwa amelilalia jeneza la mumewe kwa mara ya mwisho kabla ya kifuniko kufungwa.

Ndipo ikaingia zawadi ya kwanza ya siku hiyo: Mirasol, kutoka Italia, alituma vimulimuli mia tatu.

"ASANTE SANA, KIPENZI CHANGU!" ililia spika ya karaoke. "MIRASOL! MIRASOL! MIRASOL!" Tarumbeta. Makofi.

Luding alipanda benchi kuikamata simu, benchi likapinduka. Watoto wakaangua kicheko, maana mtoto hajui jeneza ni nini. Mzee Istong, aliyekuwa na karata mkononi, aliziweka chini na kuvua kofia. Bibi Pacing hakugeuka. Aliyaziba masikio ya marehemu kwa viganja vyake viwili.

"Hakunigombeza hata mtu mmoja," anasema Luding. "Wangenigombeza ningelia, yakaisha. Walinyamaza tu, wakainua jeneza. Na mimi kwenye kioo nikaona jina la Mirasol limeondoka. Hakumwona baba yake akishushwa. Kwa sababu yangu."

Siku ya tisa baada ya mazishi, dada mkubwa wa Bibi Pacing alilala asiamke. Alikuwa na miaka themanini na sita na padri alisema ni uzee. Kitongoji hakikusema hivyo.

Tangu hapo Luding ana jina jipya. Dukani kwa Mama Charing wanamwita Dada Asante.

"Dada Asante, nisogezee sabuni hapo karibu yako," kijana mmoja alimwambia wiki hiyo. "Lakini ukinipa usitie neno, mke wangu ana mimba."

"Chukua ukae kimya na wewe," alijibu Luding.

"Umeona? Anajifunza!"

Kwa miezi saba hakuna familia iliyomwita.

Hata hivyo si hilo analolionea aibu zaidi. Mtu mmoja aliyekuwa akitazama mazishi alikata kile kipande cha tarumbeta na kukisambaza. Watu wa nchi ambazo Luding hazijui waliangua kicheko. Wakamtafuta, wakamrushia vimulimuli kwa maelfu, wakiomba arudie. Watu wa programu wakamwandikia kumpongeza. Walimshauri atoe sarafu yake mwenyewe, yenye jina lake na picha ya tarumbeta. Walimweleza kwamba siku zijazo kila mwenye watazamaji atakuwa na sarafu yake, na watu watainunua kama wanavyonunua mbegu, wakitumaini imee.

Sarafu ya jina lake aliikataa. Vimulimuli aliviacha ndani ya simu, akiapa hatavigusa. Ikapita miezi miwili, thamani ikishuka kila wiki. Kisha mvua zikaanza, na kitanda cha watoto kikalowa.

"Nilivichukua," anasema, na sauti inakuwa ndogo. "Nisikudanganye. Nilitoa peso elfu sita na mia nne. Yale mabati manane juu ya nyumba yangu yametoka kwenye mazishi ya Mzee Goryo. Mvua ikipiga, mume wangu anasema afadhali sasa tunalala pakavu. Mimi naamka."

Saa tisa alasiri sala zinaanza. Safari hii ni Bibi Pacing mwenyewe aliyempelekea salamu kwamba alete simu. Majirani walimwuliza kwa nini Luding, wakati vijana wenye simu wamejaa tele. Jibu lake lilikuwa fupi: "Aibu huoshwa pale ilipomwagika."

Kwenye kioo majina yanaingia. Mpwa wa Bibi Pacing, aliye melini. Binamu wawili, walio Saudia. Shoga yake wa zamani aliyehamia mjini. Luding amefunga kabisa mlango wa zawadi, kwa hiyo hakuna kinachometa. Anasimama chini ya simu, shingo ameinyoosha, anasoma kila jina kwa midomo.

Sala inafika katikati. Mirasol hayupo.

Sala inakwisha. Hayupo.

"Labda kazini," ananong'ona Isagani, aliyekuja kumshika mkono mkewe.

"Huko ni asubuhi sasa. Ameshamnywesha chai yule bibi anayemlea."

"Labda mtandao."

"Isagani, nyamaza."

Bibi Pacing anaingia ndani na gauni lake jeusi. Uani watu wanafunua sinia za biko, ule wali wa kunata wa tui na sukari, lakini hakuna anayekula. Mlango unafunguka. Mjane anatoka amevaa gauni la njano lenye maua ya kijani, limemkaa vibaya mabegani kwa kuwa mwaka huu amekonda. Amejipaka hata poda.

Mzee Istong anapiga mluzi. "Pacing! Ungevaa hivyo mapema, Goryo asingekufa!"

"Goryo angekufa mapema zaidi," anajibu Bibi Pacing, na ua mzima unacheka, kicheko cha watu waliokibana mwaka mzima.

Hapo ndipo jina linaingia.

Luding haliiti. Ananyoosha kidole tu. Dakika hiyo uso wa Mirasol unatokea kwenye kioo: mwanamke wa miaka arobaini na kitu, sare nyeupe ya kazi, na kifuani pini ndogo nyeusi ya maombolezo. Midomo yake inacheza. Hakuna sauti.

"Anasema nini?" anauliza Bibi Pacing.

Hakuna anayejua. Mirasol anaongea, anajifuta macho, anaongea tena.

"Luding, mwanangu. Toa plasta."

Luding hasogei. "Bibi, tafadhali. Naogopa."

"Mwanangu ananiambia kitu na mimi simsikii. Toa plasta!"

Luding anapanda benchi. Isagani analishikilia kwa mikono miwili. Jasho limeilainisha gundi, plasta ya juu inabanduka, ile ya chini inachanika nusu. Anaikwangua kwa kucha, anaikwangua tena, hadi kidole kinachubuka.

"...ma? Mama? Mnanisikia?"

"Tunakusikia!" wanaitikia watu wote kwa pamoja.

"Mama, umependeza."

Bibi Pacing anaweka kiganja mdomoni. Luding, angali juu ya benchi na uso wake karibu na simu kuliko mtu yeyote, anaona hana pa kujificha.

"Dada Mirasol," anasema, "ni mimi Luding. Nisamehe. Nilikunyima mazishi ya baba yako."

Wote wanasikia maji yakichemka huko Italia, jikoni kwa watu.

"Dada Luding," anasema Mirasol, "mimi nilidhani wewe ndiye unayenicheka. Hela za jeneza nilikuwa nimeshatuma. Lakini siku zote za msiba nikawa naona majina yanapita mbele ya baba. Majina ya watu ambao hata hawakumjua. La kwangu halipo. Nikasema acha na mimi nipite. Nipite tu, kimya, kama wale wengine. Kisha likaitwa. Mara tatu. Wote wakajua mtoto wa marehemu anatuma rambirambi kwao kama mpita njia. Niliona aibu hata kwa mama. Nikazima."

"Hakuna aliyewaza hivyo, dada. Wote walikuwa wananitazama mimi."

"Mwaka mzima nimejificha."

"Na mimi. Tena mimi nimejificha chini ya mabati."

Mirasol haelewi, lakini Bibi Pacing anaelewa. "Hayo mabati nayajua," anasema. "Niliyaona yakipandishwa. Mvua ikinyesha nayasikia hadi kwangu. Goryo naye alipenda kelele ya mabati. Haya, Mirasol, na wewe una kitu cheusi hapo kifuani."

Mirasol anaitazama pini kama aliyeisahau. Anaifungua, anaionesha kwenye kioo, anaitia mfukoni. Mama yake anamwambia aende akamwangalie mgonjwa wake, asije akafukuzwa kazi kwa ajili ya gauni la njano. Wanaagana. Sasa sinia zinaanza kutembea.

Luding amekaa pembeni na biko kwenye jani la mgomba. Plasta iliyochanika bado imeng'ang'ania kidoleni. Akiulizwa kama aibu imekwisha, anatikisa kichwa. "Imepungua uzito. Kwisha, sijui. Dukani kesho bado nitaitwa Dada Asante."

Ile sauti ya furaha ameshaifuta. Mpango wake ni kurusha misiba bila vimulimuli kabisa: familia imlipe kwa siku, peso mia sita, hata wakishindwana bei, washindwane kwa peso, siyo kwa vitu vinavyometa leo na kesho ni dagaa. Anajua atapata pungufu. Tayari familia moja ya ng'ambo ya mto imeuliza bei, wana mzee mgonjwa sana.

"Na mimi niandike," anadakia Mzee Istong akitafuna. "Nikifa uje na simu yako. Ila mimi ile tarumbeta yangu usiizime."

"Mzee, tema mate chini!"

"Nitatema nikimaliza biko."

Jua limelegea Luding anapokunja kitambaa na kuvuta mwanzi wake. Anaaga kwa kichwa, kama ilivyo adabu ya nyumba hii kwa mwaka mzima, na kuelekea nje peke yake. Hajafika mbali anasikia kandambili nyuma yake. Ni Bibi Pacing, ameshika pindo la gauni la njano lisifagie vumbi.

Wanatembea pamoja, wanapita chini ya kamba ya nguo, wanawapita kuku. Bibi Pacing anafungua geti mwenyewe na kulishikilia.

"Asante, Luding," anasema. "Leo inaruhusiwa."

Luding anauchukua mkono wa bibi kizee, anauinua hadi kwenye paji la uso wake mwenyewe, kama watoto wa hapa wanavyowaamkia wazee, na kwa muda mrefu hauachii.